Bei ya Nyota ya Ziwa

Cimpunda, tarehe 9 mwezi wa pili 1975

Mutoto wangu Floribert,

Juu ya bahasha nimeandika Citoyen Cirhuza, sababu watu wa posta wanataka jina ya authenticité, ya kizungu ilikatazwa, lakini humu ndani wewe ni Floribert. Mimi njo nilikupeleka kwa padri kubatizwa.

Jambo sana. Huku Bukavu tuko wazima. Colombe dada yako alizaa mutoto mwanaume, kilo ine, na sage-femme mwenye alimuzalisha alisema hajaona mutoto wa kichwa kubwa vile. Nikamwambia hiyo ni kichwa ya mjomba wake, mwenye ako Kinshasa. Mbuzi ya beupe ilikufa. Kwaya ya paroisse imeshona vitambaa vipya, na mimi niko mustari wa mbele. Usiulize namna gani mutu murefu anasimama mbele.

Sasa neno yenyewe. Unamujua tonton yako Mushagalusa, binamu ya marehemu papa yako. Wakati wazungu walinyang'anywa biashara, yeye njo alipewa ile kampuni ya bato, Nyota ya Ziwa, yenye inabeba watu na maharagi na ndizi kati ya Bukavu, Idjwi na Goma. Sasa anatafuta washiriki. Anasema bei ya kampuni nzima ni zaïre elfu makumi mbili, ameikata vipande, parts mia mbili, kila part zaïre mia moja.

Sisi wamama wa likelemba, chama yetu ya kuweka feza, tuko na zaïre elfu moja mia mbili. Ni miaka tatu ya kutoa kila siku ya yenga, siku ya misa, na mimi njo présidente. Wamama wanataka kununua parts kumi na mbili. Wengine waliogopa. Nikasimama, nikasema: «Munaogopa nini? Mutoto wangu ni directeur mu banki ya Kinshasa. Kazi yake ni kuangalia kampuni ya watu na kusema bei yake.» Clémence, unamujua kinywa yake, akasema: «Basi aseme.» Nikajibu: «Atasema, na barua yake tutasoma hapa hapa, kila mutu asikie.»

Kwa hiyo sema. Andika vizuri, na Kifaransa kidogo ndani. Na usisahau nani alikununulia koti yenye ulipanda nayo ndege ya kwenda Kinshasa. Ni yeye, tonton Mushagalusa.

Wino imekimbia hapa chini. Ni maji kidogo, usijali.

Maman wako,
Eulalie

*

Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa tatu 1975

Maman mupenzi,

Barua yako ilifika, na ilifika imeloa. Nasalimia Colombe na mutoto. Mimi niko muzima. Hapa joto ni kali na mvua inafunga barabara ya kazini.

Kwanza, mimi si directeur. Tuko watu tisa mu chumba kimoja, na dirisha ni ya mukubwa wetu. Kazi yangu ni kusoma hesabu za kampuni zenye zinaomba mukopo, na kumuandikia mukubwa kama zinaweza kulipa ao hapana. Naomba uwaambie wamama hivyo.

Pili, siwezi kusema bei ya kitu chenye sijaona. Umuombe tonton karatasi mbili. Moja inaitwa bilan: inaonyesha kampuni iko na nini na inadaiwa nini. Ingine inaonyesha nini iliingia na nini ilitoka ndani ya mwaka. Nataka ya 1974 na ya 1973, juu mwaka moja peke yake hausemi kitu. Akikataa kutoa karatasi, uandike namba kwa mukono, zote, hata zenye hauelewi. Zaidi zenye hauelewi.

Mpaka nijibu, feza isitoke.

Feza ya manjanja, mabati ya paa, yenye nilituma mwezi wa kumi na mbili, fundi alishapandisha? Ile nyumba haiwezi kumaliza mvua ingine na majani ile.

Mutoto wako,
Floribert

*

Cimpunda, tarehe 6 mwezi wa ine 1975

Mutoto wangu wa kwanza, taji yangu,

Tunakusalimia wote. Mutoto wa Colombe tayari anacheka. Papa Alphonse jirani yetu alioa mara ya pili, mwanamuke anamupita urefu, wakienda misa unaona kofia moja tu. Kuhusu directeur: nilishasema, siwezi kurudi nyuma, na hata wewe utafika.

Nilienda kwa shemeji Mushagalusa mu bureau yake ya port. Alinipokea vizuri, chai na mukate na margarine. Karatasi zake zimepigwa na machine, mustari nyekundu chini, zinapendeza. Alisema: «Eulalie, andika yote, mimi sina kitu cha kuficha. Angalia faida tu. Muzungu alikuwa anapata elfu sita. Mimi, mwaka wa kwanza, elfu kumi na ine!» Akapiga meza, chai ikamwagika. Niliandika asubuhi nzima. Masista wa zamani walinifundisha namba, hawakunifundisha kuchoka.

Mapato, 1973: 43.000. Mapato, 1974: 52.000. Matumizi, 1973: 36.500. Matumizi, 1974: 38.000. Faida, 1973: 6.500. Faida, 1974: 14.000.

Kuna mistari midogo, nimeiandika pia. Ndani ya mapato ya 1974: «produits divers, 15.000». Ndani ya matumizi: entretien, 1973 ni 4.000, 1974 ni 600. Amortissement, 1973 ni 5.000, 1974 wameweka kistari tu.

Karatasi ya pili, vyenye kampuni iko navyo: bato mbili, Kahuzi na Mapendo, 22.000. Dépôt ya mizigo ya port 9.000. Clients 8.000, ya 1973 kistari tu. Feza mu caisse 400. Vyenye inadaiwa: banki 13.000, mafuta ya mazout 11.000, mishahara 2.000. Na pembeni ya Kahuzi wameandika neno «gage». Gage ni nini?

Zamani bato zilikuwa tatu, unakumbuka? Ile ya tatu, Bukunda, iliuzwa kwa mutu wa Goma mwaka jana. Shemeji anasema ilikuwa nzee.

Unaona mama yako? Hata mu banki yenu hakuna mwenye anaandika namba safi vile. Samahani tu pale 36.500, tone la maji lilianguka.

Clémence ananiuliza kila siku ya yenga: «Directeur amejibu?» Jibu haraka, juu anacheka na pua.

Maman wako,
Eulalie

*

Kinshasa, tarehe 11 mwezi wa tano 1975

Maman mupenzi,

Salamu kwako, kwa Colombe na kwa mutoto mwenye anacheka. Nafurahi kwa Papa Alphonse. Namba zako nilizisoma zote, na zinajumlisha bila kosa. Hiyo si kitu kidogo. Mu bureau yetu tunapokea zenye hazijumlishi.

Nitaeleza namna ya kwetu.

Mutu ako na ng'ombe tatu. Mwaka moja anauza moja. Feza ya ng'ombe anaimwaga mu hesabu ya maziwa, halafu anaita majirani: «Mwaka hii ng'ombe zangu zilitoa maziwa mingi sana.» Njo faida ya 1974. Ile 15.000 ya «produits divers», maana yake mapato mengine, naona ni bato Bukunda. Ukiitoa, kazi ya bato yenyewe iliingiza 37.000, na ilitoka 38.000. Hakuna faida. Kuna hasara ya elfu moja.

Halafu ile kistari. Bato inazeeka kila mwaka, sawa mutu. Kampuni yenye akili inaandika uzee ule kama matumizi, ndiyo maana ya amortissement. Muzungu aliandika 5.000 kila mwaka. Tonton hakuandika kitu, lakini bato zilizeeka tu. Kwa hiyo hasara ni elfu sita. Na entretien, matengenezo, ya 600 inamaanisha moteur hazikutengenezwa. Hiyo si namba, ni hatari: sitaki mutu wa kwetu apande Mapendo.

Bei sasa. Vyenye kampuni iko navyo ni 39.400. Inadaiwa 26.000. Inabaki 13.400 mu karatasi. Clients 8.000 ni watu wenye walipanda na kubeba mizigo bila kulipa. Mwaka wa muzungu hawakuwako. Tonton akiwa na marafiki wakubwa, hao hawatalipa, toa. Inabaki 5.400. Toa uzee wenye haukuandikwa, 5.000. Inabaki zaïre mia ine.

Kampuni yenye tonton anauza elfu makumi mbili, mimi naona ni mia ine, kama hakuna deni ingine yenye hawakuandika.

«Gage» ni hivi: banki ilitoa mukopo na ikashika Kahuzi. Ni sawa ng'ombe ya bugabire, yenye mutu alikukopesha. Inalala kwako, maziwa unakunywa, lakini mwenyewe akikuja anaifungua kamba na anaenda nayo, na ndama yake. Kahuzi si ya tonton. Mapendo peke yake njo yake.

Koti ya tonton niko nayo hapa, ingali nzuri. Nilifikiri juu ya koti ile siku nyingi mbele ya kuandika. Koti ni koti na bilan ni bilan. Wamama wasitoe feza.

Manjanja ilishapanda? Hukunijibu.

Mutoto wako,
Floribert

Na barua hii usiisomeshe mbele ya watu. Uwaambie tu kwa upole kama mutoto hashauri kununua, basi.

*

Cimpunda, tarehe 22 mwezi wa sita 1975

Floribert,

Tuko wazima. Kiangazi imeanza, vumbi iko mpaka mu chumvi. Mutoto wa Colombe aliota jino.

Neno yenye unaandika chini kabisa, mutoto wangu, inafaa uandike juu kabisa.

Bahasha ilifika siku ya ine, na timbre ya banki juu yake. Sikuifungua. Nilisema ikifunguliwa na mikono yangu, Clémence atasema nimebadilisha. Nikaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria mpaka siku ya yenga. Kisha ya misa wamama wote wakakuja hapa nyumbani, mu parcelle yangu. Nilipika kasiksi, pombe ya ndizi, mitungi mbili. Na shemeji Mushagalusa nilimwita mugeni wa heshima. Nilimuweka mu kiti ya mikono, ile ya marehemu papa yako.

Théodore katekista njo alisoma, na sauti yake ile ya Pasaka. Salamu, watu wakapiga makofi. Papa Alphonse, watu wakacheka, na yeye mwenyewe alikuwa pale. Namba zangu hazina kosa, nikasimama ili wanione. Halafu ng'ombe tatu. Pale Théodore alianza kupunguza sauti, akaniangalia. Shemeji akasema: «Soma tu, katekista! Ni mutoto wetu anasema.» Akasoma. Maziwa yale wamama walielewa mbele ya namba. Mumoja alicheka, akajifunika na kitenge.

Alisoma mpaka mia ine. Alisoma mpaka koti. Alisoma mpaka «usiisomeshe mbele ya watu». Hapo akakunja barua, akasema: «Tuombe.»

Hakuna mutu aliomba. Clémence alisimama, akafungua ncha ya kitenge yake, akasema: «Shemeji Mushagalusa, kama bei ni mia ine, mimi nanunua yote leo. Lakini Kahuzi ubaki nayo, ni ya watu.» Wewe, wamama walicheka, mutungi moja ulianguka!

Shemeji alimaliza glasi yake polepole. Akasema: «Eulalie, mutoto wako anajua kuhesabu. Sasa umufundishe kuvaa koti ya mutu na kunyamaza.» Akaenda. Hata miguu ya kuku yenye nilimufungia alisahau.

Nilikuwa na haya, siku mbili sikuenda sokoni. Siku ya tatu nilienda, na unajua nini? Wamama wa mboga wananiita: «Maman Directeur, kuja uniangalie hesabu.» Feza ya likelemba haikuenda kwa bato hata likuta moja. Clémence mwenyewe alipata zamu yake na akanunua cherehani. Anasema ni akili yake. Nimemuachia.

Tangu siku ile shemeji hanisalimii. Mimi namusalimia kwa nguvu, mara mbili, ya kwangu na ya kwake.

Maman wako,
Eulalie

*

Kinshasa, tarehe 20 mwezi wa saba 1975

Maman mupenzi,

Salamu. Niko muzima, na kazini hakuna kipya. Kweli, neno lile ningeliandika juu. Tonton nilimuandikia barua ya pembeni, ya kuomba samahani kwa ile siku, si kwa namba. Hajajibu.

Sasa naomba jibu moja. Barua yako ya mwezi wa pili ilifika na wino imekimbia. Ya mwezi wa ine iko na tone juu ya 36.500. Hii ya kiangazi ilifika safi, juu hakuna mvua. Mara mbili niliuliza juu ya manjanja, na mara mbili uliniandikia juu ya vitu vingine. Maman, mimi wananilipa ili nisome vyenye watu hawakuandika.

Ulinunua parts ngapi?

Mutoto wako,
Floribert

*

Cimpunda, tarehe 12 mwezi wa kumi 1975

Mutoto wangu,

Usikasirike kama nilikawia. Barua yako niliiweka chini ya Bikira Maria na yeye pia hakujibu.

Kwanza habari. Mutoto wa Colombe anatambaa. Sasa anaitwa Floribert kwa nyumba, kwa karatasi wataona wao. Papa Alphonse alinunua kofia ingine, ya juu zaidi.

Tatu.

Nilinunua na feza yako ya manjanja, mwezi wa kwanza, mbele ya kukuandikia. Shemeji alikuja hapa, akasema parts zitaisha, na mutu wa kwanza njo anapata mingi. Nilifikiri nitapandisha manjanja na faida, na feza yako itabaki nzima. Nilitaka ukikuja likizo uone nyumba, niseme: hii ni mama yako. Usiniandikie kitu juu ya hiyo, imeisha.

Mwezi wa munane Mapendo ilizima katikati ya ziwa, na watu na mbuzi ndani. Walikaa mpaka jioni, watu wa Idjwi wakaivuta na mitumbwi. Hakuna mwenye alikufa. Wa kwetu hawakuwa ndani, juu nilikataza wote na barua yako mukononi. Mwezi wa kenda banki ilikuja kuchukua Kahuzi. Papa Léopold wa mazout, mwenye anadai kampuni feza yake, alikuwa ameifunga na kufuli, cadenas yake, na ujanja yake yote, lakini walikata cadenas. Anapiga kelele mpaka leo. Mimi nilimuonya: Papa Léopold, ile ni ng'ombe ya bugabire. Akasema mambo ya wanamuke.

Siku ile ile nilishuka port. Shemeji alikuwa peke yake mu bureau, hata meza walikuwa wamechukua. Akaangalia karatasi za parts zangu tatu, akasema: «Subiri, Eulalie. Mambo itarudi.» Nikasema: «Karatasi nimezifahamu, shemeji. Unipatie manjanja yenye iko juu ya Mapendo.»

Akaniangalia. «Unataka kuivua bato kofia?»

«Kichwa imekufa,» nikasema. «Kofia ya nini?»

Alicheka, Floribert. Tangu mwezi wa sita hajanichekea. Alicheka mpaka akajikalisha chini. Akaandika karatasi, akatia muhuri ya kampuni, ile muhuri njo kitu cha mwisho alibaki nacho. Manjanja makumi mbili na sita, ya unene wa zamani, ya muzungu. Za sokoni ukizikunja zinalia, hizi hazilii.

Nani alizibeba mpaka Cimpunda, na mulima ule? Likelemba. Wamama wote, manjanja juu ya kichwa, mustari moja toka port, tukiimba. Clémence alibeba mbili na alilalamika toka chini mpaka juu. Watu walisimama barabarani wakifikiri ni procession ya kanisa.

Fundi alipigilia bila kuangalia maandishi, jina ya kampuni yenye walipaka juu yake. Nyota iko upande wa choo, na upande wa barabara inasomeka ZIWA tu. Mu Cimpunda yote hakuna nyumba ingine yenye ilishafika Idjwi.

Sasa nifanyie hesabu, wewe mutu wa banki. Kampuni nzima ulisema mia ine. Mimi nililipa mia tatu, na niko na kofia yake. Andika mu bilan yangu, na usitie uzee, juu imeshazeeka tayari na bado ni nzima.

Shemeji alipita hapa juzi. Alipewa kazi ya kukata tiketi kwa mutu mwenye alinunua Bukunda. Nilimuweka mu kiti ya mikono, nikamupa kasiksi. Aliangalia juu muda murefu. «Manjanja nzuri,» akasema. Akauliza kama koti bado inakufaa. Nikasema inakufaa mabegani. Unijulishe kama ni kweli.

Nyamuzinda, Mungu wetu, akulinde. Mvua inapiga tangu asubuhi na ninaandika katikati ya meza. Besani zote sasa ziko inje, zinakinga maji ya kufua.

Maman wako,
Eulalie